Karatasi ya dalali getini: je, siku 14 zinatosha kuiuza nyumba?

Swali

Habari za kazi, wakili. Mimi ni mama wa watoto wanne, nakaa Igoma hapa Mwanza. Mwaka juzi mume wangu alikopa benki shilingi milioni 45 kuongeza mtaji wa biashara ya dagaa pale Mwaloni, na nyumba yetu ikawekwa dhamana. Hati ina jina lake, mimi nilisaini fomu ya mke. Tulirejesha vizuri mwaka mzima na ushee, halafu biashara ikayumba. Miezi mitano sasa tunalipa vipande vipande. Afisa mikopo amekuwa akipiga simu tu. Jumanne asubuhi kijana wa dalali amebandika karatasi getini: nyumba itauzwa kwa mnada wa hadhara baada ya siku 14. Barua nyingine sijaiona. Shemeji yangu yuko New York, anasema huko mwenye nyumba hupewa siku 90, kwa hiyo tukatae. Je, siku 14 ni halali? Na je, tuanze kuhamisha vyombo?

Jibu

Pole sana, dada yangu. Najua karatasi ile inavyomkaa mtu moyoni, hasa ikibandikwa getini ambapo watoto wanaisoma wakitoka shule na majirani wanaisoma wakipita kwenda dukani.

Nianze na siku 14. Zipo kisheria, lakini hizo ni siku za dalali. Kabla yake sheria imeweka siku za benki, nazo ni 60. Swali linaloweza kuiokoa nyumba yenu ni hili: zile siku 60 zilianza lini, na zilianza kwa karatasi gani?

Sheria ya Ardhi, Sura ya 113, inasema hivi kwenye kifungu cha 127 (namba ninazotaja ni za toleo la 2019): mkopaji akishindwa kulipa, mkopeshaji atampa notisi ya maandishi. Simu ya afisa mikopo si notisi hiyo, hata akipiga mara ishirini. Na si kila barua yenye nembo ya benki ni notisi hiyo, maana sheria imetaja mambo manne ambayo lazima mpokeaji aelezwe ya kutosha. Aelezwe amekosea nini na kwa kiasi gani. Aelezwe kwamba mkopeshaji anaweza kuchukua hatua juu ya ardhi iliyowekwa rehani. Aelezwe afanye nini ili kurekebisha kosa hilo. Na aelezwe kwamba siku 60 zikiisha tangu alipoipokea notisi, deni lote litakuwa limeiva na mkopeshaji ataweza kuuza.

Yasome tena hayo mawili ya mwisho, kwa sababu wengi huyapita haraka. Tuseme marejesho mliyokosa katika miezi mitano yamefika milioni 6 na laki 8, na deni lote lililobaki ni milioni 29. Ndani ya siku 60 kosa mnalotakiwa kulirekebisha ni lile la marejesho yaliyopita, yaani milioni 6 na laki 8. Zikiisha, benki inaruhusiwa kudai milioni 29 kwa mkupuo. Familia inayoweza kuuza pikipiki, kukusanya madeni ya wateja pale Mwaloni na kupiga hodi kwa ndugu wawili watatu inaweza kuipata ile hesabu ya kwanza. Ile ya pili wachache sana wanaiweza. Kwa hiyo mkopeshaji aliyeziruka siku 60 hajakosea utaratibu wa karatasi tu. Amemnyima mwenye nyumba nafasi aliyokuwa anaimudu kifedha. Mwambie wakili wako aliseme hivyohivyo mbele ya baraza au mahakama, kwa tarakimu zenu wenyewe.

Angalia pia neno "alipoipokea". Siku hazihesabiwi tangu tarehe iliyochapwa juu ya barua. Barua inaweza kuandikwa tarehe 10 Februari, ikakaa kwenye meza ya mtu, ikamfikia mkopaji tarehe 3 Machi. Siku ya kwanza hapo ni tarehe 4 Machi na siku ya 60 ni tarehe 2 Mei. Dalali akibandika tangazo lake tarehe 3 Mei na kuacha siku 14 zipite, mnada wa mapema kabisa unaangukia tarehe 18 Mei. Ni siku 76 tangu barua ipokelewe. Chukua kalenda ya ukutani, tia alama tarehe zenu, hesabu kwa kidole. Nimeona kesi zikisimama kwa sababu ya siku tisa zilizokosekana.

Sasa nikuulize jambo ambalo litauma kidogo. Umeandika "barua nyingine sijaiona". Hukuandika "hatujaiona". Hati ina jina la baba watoto, na mkopaji ni yeye, kwa hiyo notisi ya siku 60 inakwenda kwake. Kama aliipokea na kuisaini kwenye kitabu cha dispachi, siku zilianza kuhesabiwa hata kama wewe hukuambiwa neno. Nimekaa na mama mmoja ofisini kwangu akilia kwamba benki haikuwapa taarifa yoyote. Mumewe alikuwa kiti cha pembeni, ameinamisha kichwa. Mwishoni akatoa bahasha kwenye mfuko wa ndani wa koti. Ilikuwa imekunjwa mara nne, imelainika kama kitambaa kwa kubebwa, na ilikuwa na miezi mitatu. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa anasubiri msimu ubadilike alipe, na mkewe asijue kabisa kwamba kuna jambo lilitokea. Lakini miezi mitatu ile ndiyo iliyokuwa na dawa.

Kwa hiyo kabla hujaenda benki wala kwa wakili, keti na mwenzako usiku watoto wakishalala. Usianze na lawama, anza na maswali. Umepokea nini, lini, umesaini wapi, nani alileta? Tafuteni kwenye gari, kwenye begi la kazini, kwenye stoo ya Mwaloni. Kama sanduku la posta lililoandikwa kwenye mkataba ni la zamani, nendeni mkalifungue. Barua iliyotumwa kwa posta ya rejesta kwenye anwani mliyoitoa wenyewe inaweza kuhesabiwa kuwa imewafikia, na kusema "hatulitumii tena lile sanduku" hakutawasaidia sana kama hamkuwaarifu benki. Someni pia ukurasa wa mkataba unaoeleza notisi zitatumwaje, maana siku hizi baadhi ya mikataba inataja hata barua pepe na namba ya simu.

Hapohapo niseme jambo kuhusu kukataa kupokea. Mtaani kuna ushauri unaozunguka kwamba mtu wa benki akija na barua usiisaini, ukikataa kesi imekufa. Ushauri huo umewapoteza watu nyumba zao. Aliyeleta barua huandika kwamba umekataa, huenda na mjumbe au mwenyekiti wa mtaa kama shahidi, na wewe unabaki hujui hata kilichoandikwa ndani. Pokea. Saini. Pembeni ya saini yako andika tarehe na saa uliyopokea. Piga picha kwa simu. Tarehe uliyoiandika kwa mkono wako inaweza kuwa ushahidi mzuri kuliko yote utakayokuwa nao.

Turudi kwa dalali. Hizo siku 14 zinatoka kwenye Sheria ya Madalali wa Mnada, Sura ya 227, kifungu cha 12. Inasema ardhi haiuzwi kwa mnada mpaka umma utangaziwe si chini ya siku 14, katika mji mkuu wa wilaya ilipo ardhi hiyo na pia mahali mnada utakapofanyika. Ni sheria ya zamani, na ina jambo ninalolipenda: tangazo la karatasi peke yake halitoshi, lazima itumike pia njia ambayo mtu asiyejua kusoma ataielewa. Ndiyo sababu ya yale magari ya matangazo yenye spika yanayopita mitaani yakitaja mnada. Hiyo ni haki ya mwenye nyumba kama ilivyo ya wanunuzi, kwa kuwa tangazo likisikika mbali watakuja watu wengi, na watu wengi hupandisha bei. Mnada uliotangazwa kwa karatasi moja ikapigwa picha halafu ikabanduliwa huvutia watu watatu, na mara nyingi hao watatu wanajuana.

Basi iangalie karatasi yenu vizuri, usiichane kwa hasira. Ipige picha ikiwa bado getini, geti lote lionekane, kisha piga nyingine ya karibu maandishi yasomeke. Andika siku na saa ilipobandikwa na nani walikuwepo. Angalia kama imemtaja dalali na leseni yake, imetaja namba ya kiwanja na kitalu sawasawa, imetaja siku, saa na mahali pa mnada. Namba ya kiwanja ikikosewa, piga picha na hiyo pia. Na kama tangazo limetoka wakati siku 60 hazijaisha, mimi ningeliweka hilo mbele kabisa ya malalamiko, kwa sababu benki inatangaza kuuza kitu ambacho haki ya kukiuza bado haijaipata.

Kuhusu shemeji yako wa New York, hajakosea kwa kule aliko. Sheria ya jimbo lile inamtaka mkopeshaji atume notisi angalau siku 90 kabla ya kufungua kesi, kwa posta ya rejesta na kwa posta ya kawaida pia, ndani ya bahasha yake peke yake isiyochanganywa na barua nyingine, pamoja na orodha ya mashirika yanayotoa ushauri wa nyumba. Mahakama za kule zimewahi kutupa kesi za benki kwa sababu tu ya kilichowekwa pamoja kwenye bahasha. Na kule nyumba haiuzwi mpaka kesi ifunguliwe na hukumu itoke. Hapo ndipo tunapotofautiana sana. Kwetu benki yenye rehani iliyosajiliwa haihitaji hukumu. Siku 60 zikipita bila kurekebisha, kifungu cha 132 kinaipa uwezo wa kuuza yenyewe. Anayelazimika kwenda mahakamani ni mwenye nyumba. Shemeji akisema "subirini wawashtaki", mwambieni kwa upole kwamba Mwanza mnaweza kusubiri mashtaka mpaka nyundo igongwe, na mashtaka yasije.

Hata ng'ambo ya ziwa kwa jirani zetu hesabu ni nyingine. Nalisema kwa sababu watu wa Mwanza wengi wana ndugu Kisumu na ushauri unavuka mpaka kwa WhatsApp. Sheria ya Ardhi ya Kenya ya mwaka 2012 inatoa miezi 3 ya kurekebisha deni la fedha, kisha notisi nyingine ya kuuza ya siku 40, na dalali wao ana siku 45 zake. Hizo ni zao. Usiende nazo barazani Mwanza.

Nimesema nyundo, na hapa naomba unisikilize kwa makini kuliko popote. Kifungu cha 135 kinamlinda mnunuzi. Aliyenunua kwenye mnada wa mwenye rehani hatakiwi kuchunguza kama kweli mlishindwa kulipa au kama notisi ilitolewa ipasavyo. Atapoteza ulinzi huo kama kulikuwa na udanganyifu au ukosefu wa uaminifu wa mkopeshaji ambao yeye mnunuzi aliujua au alipaswa kuujua, na kuuthibitisha ni kazi ngumu. Sheria inamwambia aliyeonewa: dai fidia kwa yule aliyeuza vibaya. Kwa hiyo kasoro ileile ya notisi ina uzito tofauti kabla na baada ya mnada. Kabla, inaweza kukubakizia nyumba. Baada, mara nyingi inakupa kesi ya fedha itakayochukua miaka, nawe umeshahama. Nimewaona watu wenye haki kabisa wakija ofisini wiki mbili baada ya mnada, wamebeba faili lililojaa ushahidi ambao ulikuwa unahitajika wiki mbili kabla.

Kwa hiyo siku hizi 14 zitumieni hivi. Kesho asubuhi, wewe na mwenzako, nendeni benki na barua ya maandishi, nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa mbaki nayo. Ombeni vitu vitatu: taarifa kamili ya mkopo inayoonyesha kila mlicholipa, nakala ya notisi ya siku 60, na ushahidi wa jinsi ilivyowafikia na tarehe yake. Benki iliyofuata sheria itavitoa bila shida. Ikianza kusema "njoo wiki ijayo", hapo umeshapata jibu lako. Katika barua hiyohiyo wekeni pendekezo la kulipa, lenye tarakimu na tarehe, na kama mna chochote mkononi kiwekeni kwenye akaunti ya mkopo siku hiyohiyo. Benki nyingi hazitaki nyumba. Zinataka mkopo urudi kwenye mstari, na mnada una gharama na usumbufu kwao pia. Kupangiwa marejesho upya kunawezekana hata dalali akiwa ameshapewa kazi, ila makubaliano yoyote yawe kwa maandishi na yaseme wazi kwamba mnada umesitishwa. Neno la afisa mikopo kwamba "usijali, nitaongea na dalali" halizuii mnada.

Hata wasipokubali kupanga upya, haki ya kulikomboa jengo kwa kulipa deni na gharama zilizokwishaingia inaendelea mpaka mauzo yafungwe. Watu wengine huuza wenyewe nyumba kwa hiari, benki ikijua, wakalipa deni na kubaki na fedha ya kuanzia kiwanja Buhongwa au Kishiri. Si habari njema kuisikia, najua. Lakini nyumba inayouzwa na mwenyewe kwa utulivu mara nyingi hupata bei ambayo mnada haufikii.

Kama benki imekataa na notisi ina kasoro, fungueni shauri pamoja na maombi ya zuio la muda, kwa hati ya dharura, yaani karatasi ya kuomba msikilizwe haraka. Thamani ya nyumba ndiyo itakayoamua kama mnakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya au Mahakama Kuu hapa Mwanza. Kwenye maombi ya zuio mahakama zetu hupima mambo matatu, yaliyowekwa tangu kesi moja ya mwaka 1969 ambayo kila wakili anaijua: je, kuna hoja nzito ya kusikilizwa, je, mwombaji ataumia kwa namna ambayo fidia haitaiponya, na je, nani ataumia zaidi zuio likitolewa au lisipotolewa. Jambo la pili ndilo linaloangusha wengi. Benki itasema nyumba ina bei, na chenye bei kinalipika. Mtakachojibu lazima kiwe na uzito: notisi haikutolewa, kiasi kinachodaiwa hakilingani na risiti zenu, mmekuwa mkilipa na mko tayari kulipa hiki na hiki kwa tarehe hii na hii. Mwombaji aliyekaa miezi bila kuweka hata senti, halafu anaomba huruma siku moja kabla ya mnada, huwa na wakati mgumu sana. Vile vipande vipande mlivyolipa, dada, havikupotea. Tafuteni risiti zake zote, na za kulipa kwa simu chapisheni.

Dawati la malalamiko la Benki Kuu lipo, na linasaidia hasa kwenye riba na makato yasiyoeleweka. Utaratibu ni kulalamika kwanza kwenye benki yenyewe kwa maandishi, usiporidhika ndipo uende huko. Lakini malalamiko hayo peke yake hayasimamishi mnada wa wiki ijayo.

Kuhusu saini yako. Sheria inataka nyumba ya ndoa isiwekwe rehani bila ridhaa ya mke au mume anayeishi humo, na Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 59, nayo inaizuia nyumba ya ndoa kuuzwa au kuwekwa rehani bila ridhaa ya mwenza. Mke ambaye hakuambiwa kabisa, au ambaye jina lake lilisainiwa na mtu mwingine, ana hoja nzito inayogusa uhalali wa rehani yenyewe. Wewe umeniambia ulisaini. Naheshimu ukweli wako, na kwa sababu hiyo nakushauri usijenge kesi yako juu ya "sikusoma" au "ilikuwa Kiingereza". Mpinzani atatoa fomu yenye saini yako na picha yako pembeni, na baada ya hapo hata yale ya kweli utakayosema yatasikilizwa kwa mashaka. Isipokuwa jambo moja: linganisha kiasi. Kama ulisainia milioni 45 na baadaye mkopo ukaongezwa bila wewe kuitwa tena, mwambie wakili wako siku ya kwanza.

Ikitokea mambo yote yakashindikana na mnada ukafanyika, bado msilale. Kifungu cha 133 kinamtaka anayeuza achukue tahadhari zote za haki apate bei nzuri kadiri inavyowezekana. Nyumba ikiuzwa kwa asilimia 25 au zaidi chini ya wastani wa bei ambayo mali za aina hiyo zinauzwa sokoni, sheria inachukulia kwamba mkopeshaji amekiuka wajibu wake mpaka aonyeshe vinginevyo, na mkopaji anaweza kuiomba mahakama itamke mauzo kuwa batili. Kwa mfano wenu: kama nyumba zinazofanana na yenu pale Igoma zinauzwa milioni 80, bei ya mnada ya milioni 60 au chini yake inaamsha swali hilo. Ndiyo maana nawashauri mwiteni mthamini aliyesajiliwa sasa, nyumba ikiwa bado mikononi mwenu na mnaweza kumfungulia mlango. Baada ya mnada huenda msiweze hata kuingia uani.

Na fedha ya mauzo si ya benki yote. Kwanza hutoka kodi na tozo za ardhi zinazodaiwa, kisha gharama za kuuza, kisha deni, na kinachobaki ni cha mwenye nyumba. Nyumba ikiuzwa milioni 70, kodi ya ardhi ikiwa milioni 1, gharama milioni 4 na deni milioni 29, baba watoto anatakiwa kupokea milioni 36. Nasikitika kusema kwamba nimekutana na wajane na wazee waliohama kimya kimya kwa aibu, hawakurudi kuuliza, na fedha yao ikakaa miaka. Ulizeni kwa maandishi, mkitaka mchanganuo wa kila shilingi. Kwa upande wa pili, bei ikiwa chini ya deni, benki inaweza kuwadai kilichopungua, kwa hiyo bei ya mnada inawahusu ninyi mpaka mwisho.

Umeuliza kuhusu vyombo. Msihamishe chochote. Karatasi getini ni tangazo la nia ya kuuza. Si mauzo, na si amri ya kuhama. Dalali au kijana wake akija kuwaambia mtoke kabla nyumba haijauzwa, mwulizeni amri ya mahakama iko wapi, mwiteni mwenyekiti wa mtaa ashuhudie, msipigane naye. Watoto waendelee na shule yao hapo Igoma. Wewe usiku huu tafuta mkataba wa mkopo, nakala ya hati, risiti na picha za karatasi ile, viweke kwenye bahasha moja, na mfike kwa wakili pamoja, wewe na mwenzako, kabla ya Ijumaa. Kama fedha ya wakili haipo, ulizeni ofisi ya ustawi wa jamii ya wilaya au kwa watoa msaada wa kisheria waliosajiliwa chini ya sheria ya mwaka 2017. Huduma hiyo kwa asiye na uwezo ni bure, na hati ya dharura wanaijua.